Maswali yenu ya kompyuta: Emacs inahesabu tu, REPL haiji

SWALI: Shikamoo kaka, naomba unisaidie maana leo siku ya tatu sijaandika hata mstari mmoja. Najifunza lugha ya programu ya Common Lisp, nina laptopu ya Ubuntu, nimeweka SBCL ya kuiendesha hiyo Lisp, Emacs ya kuandikia kodi na SLIME ya kuviunganisha hivyo viwili, na mwezi mzima vyote vilikuwa vinapiga kazi vizuri. Jumatatu jioni nafungua Emacs, naandika M-x slime (Alt na x, halafu neno slime) kama kila siku, pale chini pakatokea maneno Polling "/tmp/slime.4127" na namba inapanda, moja, mbili, tatu, nikaenda kuoga nikarudi bado inahesabu. REPL, ile sehemu ya kuandikia amri za Lisp na kupata majibu, haiji. Emacs nimeitoa nikaiweka upya mara mbili, SLIME nayo nimeitoa nikairudisha, bando la wiki limeishia hapo hapo. Nikiandika sbcl --version kwenye terminali inanijibu fasta, kwa hiyo SBCL yenyewe ni nzima. Kwa vile najua utaniuliza, nimeambatanisha kilichomo kwenye bafa (ukurasa wa ndani ya Emacs) ya *inferior-lisp* na faili langu la mipangilio ya SBCL, .sbclrc. Au ni laptopu imechoka, niipige chini niweke Ubuntu upya?
Mwanafunzi, Morogoro

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa hilo bando. Ubuntu iache ilivyo, usiguse. Umefanya jambo moja la maana sana kunitumia hivyo vitu viwili, maana jibu lako limo humo humo, na ningependa wengine wanaoniandikia wafanye hivyo hivyo.

Kwanza tuelewane hiyo Polling ni nini, manake watu wengi wakiiona wanajua Emacs imeganda. Haijaganda. Wakati inahesabu jaribu kufungua faili lingine uandike kitu, utaona herufi zinatoka kama kawaida, kwa hiyo Emacs iko macho, ila inasubiri. SLIME ina pande mbili, upande mmoja unakaa ndani ya Emacs na wa pili unaitwa Swank unakaa ndani ya Lisp, na hao wawili wanaongea kwa soketi ya mtandao japo wote wako kwenye laptopu moja. Ukiandika M-x slime, Emacs inaiwasha SBCL kwenye bafa iliyojificha, hiyo *inferior-lisp*, halafu inairushia mstari wa kodi unaosema pakia Swank, washa seva, na namba ya poti, yaani mlango wa mtandao, utakayopata iandike kwenye faili /tmp/slime.4127. Baada ya hapo Emacs inabaki kuchungulia lile faili, lipo? halipo, lipo? halipo, na hizo namba ulizoziona zikipanda ndo hesabu ya mara ilizochungulia. Siku njema faili linatokea baada ya sekunde chache, Emacs inasoma namba ya poti, inapiga hodi, REPL inafunguka. Kwako faili halijawahi kutokea. Sasa ukiitoa Emacs ukaiweka upya hata mara kumi unakuwa umemtibu anayesubiri wakati mgonjwa ni anayesubiriwa.

Twende kwenye bafa uliyonitumia. Humo kuna orodha ndefu ya miradi, mingine imeandikwa ni mipya na mingine imebadilika, chini yake maneno Press Enter to continue, na chini kabisa nyota moja, *, peke yake. Hiyo nyota ndo alama ya SBCL ya kusema niko tayari nipe amri. Angalia hapo vizuri, SBCL imekaa inasubiri amri, Emacs imekaa inasubiri faili, kila mmoja anamsubiri mwenzake na hakuna atakayeanza, ungeweza kuiacha mpaka asubuhi.

Na kwenye .sbclrc yako, mstari wa mwisho kabisa:

(ql:update-dist "quicklisp")

Naamini uliukopi sehemu, na wala hujakosea kutaka maktaba zako ziwe mpya. Ila faili hilo SBCL inalisoma kila inapowaka, kwa hiyo kila ukiandika M-x slime ulikuwa unaituma Quicklisp, programu inayokuletea maktaba za Lisp, iende kwenye intaneti ikaulize kama kuna toleo jipya. Mwezi mzima ilikuwa ikiuliza inaambiwa unalo la mwisho, inapita kimya kimya, hujui hata kama iliuliza. Kati ya hapo na Jumatatu toleo jipya likatoka. Quicklisp ikachapa orodha ya mabadiliko halafu, kwa adabu kabisa, ikakuuliza niendelee? bonyeza Enter. Swali limeulizwa kwenye bafa ambayo hujaifungua, wewe huku unaangalia namba zinapanda.

Na hapa ndo penye utamu wenyewe wa hili tatizo. Kumbuka Emacs ilishaurusha ule mstari wake wa pakia Swank, na unapita mlango ule ule ambao majibu yako ya kibodi yangepita. Quicklisp iliyokuwa inasubiri Enter tupu ikapokea mstari mrefu wa kodi, ikauhesabu kuwa ndo jibu lako, ikaona sio tupu, ikaelewa umekataa, ikaachana na apdeti. Mstari ukawa umeliwa! SBCL ikamaliza kusoma .sbclrc bila kosa lolote, ikaweka nyota yake, na amri ya kuwasha Swank haipo tena popote. Ndo maana hukuona neno error hata moja na ndo maana nakwambia usijilaumu, hili hata mtu mwenye miaka yake kwenye kazi anaweza kulizunguka siku nzima.

Kile kipimo chako cha sbcl --version nacho kilikupoteza. Hiyo amri inachapa namba ya toleo inatoka hapo hapo, .sbclrc haiigusi kabisa. Siku nyingine ukitaka kujua kama SBCL ni nzima andika sbcl peke yake uone inaishia wapi, halafu andika sbcl --no-userinit, yaani iwake bila kusoma .sbclrc. Ya pili ikifika kwenye nyota moja kwa moja na ya kwanza ikisimama njiani, basi umeshajua mchawi yuko faili gani.

Sasa cha kufanya. Simamisha kwanza ile hesabu kwa M-x slime-abort-connection. Fungua .sbclrc futa huo mstari mmoja tu, ile mistari mingine ya juu inayopakia Quicklisp iache, unaihitaji. Funga Emacs, fungua, M-x slime. Kwa vile SLIME umeitoa na kuirudisha, mara ya kwanza itachukua muda kidogo kuikompaili Swank, hapo usiwe na haraka, na safari hii ubadilishe bafa kwa C-x b (Ctrl na x, halafu b) uende *inferior-lisp* ukaangalie mwenyewe inavyofanya kazi, maana ukishaiona ikienda vizuri mara moja ndo utaijua siku ikienda vibaya. Apdeti utakuwa unaifanya kwa mkono, unafungua terminali siku una bando la kutosha, unaandika sbcl, halafu ile amri, unabonyeza Enter mwenyewe ukiwa unaona unachokubali. Kuna watakaokwambia uongeze :prompt nil isiulize tena. Ni kweli haitauliza, lakini kila ukiwasha bado itakimbilia intaneti, na siku mtandao ukisumbua utaniandikia tena, kwa hiyo mimi siipendekezi.

Ikikubali utaona REPL na pale chini neno Connected na salamu fupi, SLIME ina salamu kadhaa inachagua mojawapo. Ipo moja inayosema chukua REPL hii ndugu yangu na ikutumikie vyema, mimi naipenda sana hiyo.

SWALI: Habari za kazi. Mimi Lisp yangu iko kwenye seva ya kukodi, nimewasha Swank kule poti 4005, sasa nikiandika M-x slime-connect na IP ya seva Emacs yote inaganda, siwezi hata kuandika, kama dakika mbili hivi halafu ndo inasema imeshindwa. Rafiki yangu kaniambia nifungue poti 4005 kwenye fayawoli na Swank niiambie isikilize kila mahali. Nifanye?
Dada wa kodi, Mombasa

JIBU: Nzuri dada yangu. Hapana, tafadhali sana usifanye hivyo. Swank ukiiwasha bila mipangilio ya ziada haiulizi nywila, na kazi yake ni kupokea kodi na kuiendesha, kwa hiyo ukiifungulia dunia, mtu yeyote atakayeikuta hiyo poti anaiamrisha seva yako kama vile amekaa kwenye kiti chako. Anafuta, anasoma, anafanya atakavyo.

Kwako Emacs imeganda kweli, tofauti na mwenzako wa juu. Inapofungua soketi kwenda IP ya mbali inasimama pale pale mpaka ijibiwe, na fayawoli ya seva inatupa pakiti zako bila kusema chochote, basi Linux inarudia kubisha hodi mpaka inakata tamaa, ndo hizo dakika mbili. Kama mlango ungekuwa umefungwa tu bila fayawoli ungeambiwa Connection refused papo hapo. Kwa hiyo ukimya na kukataliwa ni vitu viwili tofauti, ukiandika kuomba msaada taja ulipata kipi. Na ukiganda hivyo usiue Emacs ukapoteza kazi, bonyeza C-g. Ukitaka kujua imekwama wapi haswa, kabla ya kujaribu tena andika M-x toggle-debug-on-quit, halafu ikiganda ukibonyeza C-g Emacs inakuonyesha ilikuwa kwenye kazi gani. Hii mimi iliniokoa usiku mmoja nilipokuwa nahangaika, kumbe kwenye faili la /etc/hosts mstari wa localhost, jina ambalo kompyuta inajiita yenyewe, ulikuwa umefutika.

Njia salama ni kupitia SSH, muunganisho wa siri wa kuingilia kwenye seva. Kule kwenye seva Swank iache isikilize 127.0.0.1 peke yake, ndo ilivyo yenyewe usipoibadilisha:

(swank:create-server :port 4005 :dont-close t)

Kwenye kompyuta yako fungua terminali, weka jina lako na anwani ya seva yako hapo mwisho, na uiache wazi:

ssh -L 4005:127.0.0.1:4005 jina@seva

Halafu Emacs M-x slime-connect, ukiulizwa hosti andika 127.0.0.1, poti 4005. Emacs itaona kama Lisp iko hapo hapo nyumbani. Hilo neno :dont-close t usilisahau, bila hilo Swank inapokea muunganisho mmoja tu, ukikatika umeme ukirudi hupokelewi tena.

SWALI: Nimeapdeti mashine, sasa SLIME kila ikiunganisha inauliza kuhusu matoleo kutofautiana, y au n. Nikibonyeza y inaendelea ila vitu vingine havifanyi kazi.
Wa Kigoma

JIBU: Una SLIME mbili, ndugu yangu. Upande wa Emacs unatoka sehemu moja, pengine apt, ile amri ya Linux ya kuweka programu, na Swank inatoka kwingine, pengine Quicklisp, moja imepanda toleo nyingine imebaki. Chagua moja uiondoe nyingine. Mimi ningebaki na ya Quicklisp kwa sababu ukiweka quicklisp-slime-helper pande zote mbili zinatoka chanzo kimoja, unachotakiwa ni kuipakia ~/quicklisp/slime-helper.el kwenye mipangilio yako ya Emacs na kuifuta mistari ya zamani ya SLIME. Kisha futa folda ~/.slime/fasl, humo ndo yanahifadhiwa yaliyokompailiwa kwa toleo la zamani, lenyewe litajitengeneza upya. Ukiulizwa tena hilo swali bonyeza n, halafu nitumie majibu ya C-h v slime-path tuone Emacs inaichukua SLIME folda gani.