Maswali ya Wasomaji: Ufa kwenye Mfupa wa Kidari

SWALI: Mume wangu aligonga gari la mbele, kifua kikajipiga kwenye usukani. Eksirei ya mbele haikuonyesha kitu, ya ubavuni ikaonyesha ufa kwenye mfupa wa kidari, ule wa katikati ya kifua. Amepewa dawa za maumivu tu. Je, asifungwe bandeji kifuani?

JIBU: Asifungwe. Bandeji huzuia kifua kutanuka. Anayepumua kijujuu makohozi humkaa mapafuni, na nimonia hufuata. Ufa ambao vipande vyake havijahama huunga wenyewe, mara nyingi ndani ya wiki 6 hadi 12. Picha ya mbele huukosa kwa sababu mfupa huo hufunikwa na vivuli vya moyo na uti wa mgongo.

Hofu yetu zaidi ni kilicho nyuma ya mfupa, yaani moyo. Pigo lililopasua kidari laweza kuuchubua, hata kama mgonjwa anatembea na kuongea vizuri. Kama hakupimwa umeme wa moyo, mrudishe leo. Akiwa na maumivu ya mgongo, aseme, maana pingili nazo huvunjika katika ajali za namna hii.

Nyumbani, kama ini lake ni zima na ana uzito wa kilo 50 au zaidi, anywe parasetamoli gramu 1 kila saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku, bila kungoja maumivu yapande. Kila saa akiwa macho avute pumzi ndefu mara 10, kisha akohoe akiwa amekumbatia mto kifuani. Akiamka, ageukie ubavu kwanza na kushusha miguu. Asijivute kwa mikono. Asinyanyue wala kusukuma kitu kizito. Moyo ukienda mbio, pumzi ikibana, akizirai, akikohoa damu au akipata homa, hospitali mara moja.

Mfupa ukiendelea kutoa mlio baada ya miezi kadhaa, huenda haujaunga. Hapo ndipo upasuaji wa kuweka vibamba vya kuushikilia hufikiriwa.

SWALI: Mama ana miaka 74. Hakuanguka wala kugongwa, lakini kidari kimevunjika. Inawezekanaje?

JIBU: Mifupa ikidhoofika kwa umri, au kwa kutumia dawa za steroidi muda mrefu, na mgongo ukapinda mbele, kidari hukunjwa hadi kikavunjika. Kikohozi kikali pia chaweza kukivunja. Apigwe picha ya uti wa mgongo na apimwe msongamano (uimara) wa mifupa. Daktari ahakikishe pia si saratani iliyosambaa; mfupa uliovunjika bila pigo hauachwi bila kuchunguzwa.