Kwa mnaoanza kazi kwenye majaribio ya CAR-T ya limfoma kali (saratani ya tezi za limfu)

Wadogo zangu mnaoingia yuniti za majaribio ya awali ya CAR-T, yaani seli T za kinga za mgonjwa mwenyewe zinazobadilishwa ili zishambulie saratani, naona wengi mnakuja mmekariri asilimia ya waliopata nafuu, na hiyo ndo sehemu rahisi kuliko zote.

Awamu ya kwanza ya jaribio inauliza mwili utaivumilia dawa au la. Jaribio la ZUMA-1, lililofanyika zaidi kule Marekani na kutuletea Yescarta (dawa ya CAR-T), awamu yake ya kwanza ilitibu watu 7 tu. Awamu ya pili wakaandikishwa 111, waliowekewa seli ni 101, na ile 82% ya uvimbe kupungua mnayoisikia kila mahali imepigwa kwa hao 101. Sasa jiulize wale 10 ambao hawakuwekewa seli walienda wapi. Ni mmoja tu ambaye seli zake zilishindikana kutengenezwa, kwa hiyo maabara siyo tatizo kubwa, ogopa zaidi kusubiri. Seli T zinatolewa kwenye damu, zinasafirishwa kiwandani, zinapandikizwa jeni kwa kutumia virusi, zinakuzwa, zinarudi, kwa kawaida siku kama 17, na kwenye jaribio lile kemo ya kushikilia ugonjwa katikati haikuruhusiwa, na limfoma ya namna hii haisubiri mtu. Kwa hiyo fomu ya mgonjwa isilale mezani kwako Ijumaa mpaka Jumatatu jamani, skani ikicheleweshwa piga simu mwenyewe, mfuate mgonjwa nyumbani kwa simu, muulize anakula, anatembea, tezi zimeongezeka?

Seli zikishaingia, homa isikutishe ila usiipuuze, na ubongo nao uuangalie, maana robo na zaidi ya wagonjwa wa ZUMA-1 (28%) walipata madhara makali ya ubongo, na yanaanza kimyakimya. Kila zamu mwambie aandike sentensi, ahesabu kutoka 100 kurudi nyuma kwa makumi, ataje vitu anavyoonyeshwa. Karatasi zote ziweke pamoja uone mwandiko unavyobadilika, huo haudanganyi. Kama Kiingereza ni lugha yake ya pili mpime kwa lugha anayoiwazia, la sivyo utaandika amechanganyikiwa kumbe ni maneno tu yamemkosa, au kinyume chake, na hiyo ndo mbaya zaidi. Mkewe au mwanae akikwambia "leo hayuko sawa" mwite daktari saa hiyohiyo hata kama alama zake za vipimo hivi ni kamili.

Na kabla mfuko wa seli haujayeyushwa, nenda famasi uione tosilizumabu (dawa ya kutuliza kinga ya mwili ikipamba moto baada ya seli kuingia) kwa macho yako, dozi mbili za mgonjwa huyo, siyo kuambiwa tu ipo.