Maporomoko ya Sanje: gari halifiki, na mwongozaji ni lazima

Umeuliza kama gari linafika kwenye maporomoko ya Sanje, kule Udzungwa mkoani Morogoro. Hapana ndugu, halifiki. Hifadhi ya Milima ya Udzungwa haina barabara za magari ndani, kila kitu ni kwa miguu. Utaliacha gari chini upande wa kijiji cha Sanje, kwenye barabara ya Mikumi kwenda Ifakara, baada ya kulipia kwenye lango la Mang'ula. Na hapohapo langoni ndipo unapopewa mwongozaji. Huwezi kupanda peke yako hata kama njia unaijua, maana msitu ule una tembo na nyati, na kwenye uoto mzito vile unaweza kumkuta mnyama hatua chache tu mbele yako.

Tenga nusu siku, uanze asubuhi. Maji yanashuka kama mita 170 kwa mikupuo kadhaa, na kuna vidimbwi unavyoweza kuoga. Maji ni baridi kwelikweli lakini baada ya kule kupanda utayafurahia. Vaa viatu vyenye meno, kandambili acha nyumbani. Mawe karibu na maji yameota mwani wa kijani na yanateleza hata kiangazi. Masika ya Machi hadi Mei maporomoko yanajaa na kupendeza zaidi, ila njia inakuwa tope tupu, kwa hiyo ukiwa na watoto nenda Julai hadi Oktoba.

Viingilio hubadilika, waulize TANAPA, yaani Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania, kabla hujasafiri.