Pikipiki Yako Humwonyesha Zaidi Anayekufuata

Kazi nyingi ambazo sisi waendesha bodaboda hulipia gereji zinaweza kufanyika nyumbani kwa spana chache, bisibisi na brashi kuukuu. Hapa Morogoro, ambako kiangazi tunapanda na vumbi njia za Mgeta na masika tunateremka na tope, naanza na mnyororo kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu ndio unaoharibika upesi na ndio unaoweza kumwangusha abiria.

Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, zima injini, weka gia huru, kisha uzungushe gurudumu la nyuma kwa mkono huku ukiupima mnyororo katikati ya sproketi mbili, yaani magurudumu ya meno yanayoushika. Kwa pikipiki nyingi za cc 125 hadi 150, mchezo wa milimita 20 hadi 30 juu na chini unatosha, ingawa kitabu cha pikipiki yako ndicho cha kufuata. Pima sehemu kadhaa, kwa kuwa mnyororo hauliki sawasawa, na urekebishe pale mnyororo ulipokaza zaidi. Ukilegeza nati ya ekseli, sogeza pande zote mbili kwa kiasi kilekile, ukifuata alama zilizopo, na ukishakaza nati usisahau kuirekebisha breki ya nyuma: gurudumu likirudi nyuma, fimbo ya breki ya ngoma huvutika, na breki inaweza kubaki imeshika. Usafi ni wa mafuta ya taa, kamwe si petroli. Paka oili nzito ya gia, iache ipenye, kisha futa inayobaki nje, maana hiyo ndiyo inayokusanya mchanga.

Oili ya injini huhitaji maneno machache tu: imwage injini ikiwa na joto kiasi, na upime kiwango pikipiki ikiwa imesimama wima.

Hata hivyo, yapo mambo ambayo mwenye pikipiki hawezi kuyaona akiwa kwenye kiti. Moshi wa rangi ya buluu unaoashiria kwamba injini inachoma oili, gurudumu la nyuma linaloyumba, taa ya breki isiyowaka. Yote haya huonwa na mwenzako anayekufuata. Kwa hiyo naamini kwa dhati kwamba urafiki wa kijiweni ni sehemu ya matengenezo. Vijana wapya huona haya kumwambia mkubwa, nami nawasihi waseme, ila wamvute pembeni: "Kaka, samahani, taa yako ya breki haiwaki," bila kumwaibisha mbele ya abiria wake. Na wewe unayeambiwa, shukuru na ukatazame hapohapo. Spana ya kuazima nayo irudi siku hiyohiyo, ikiwa imefutwa, la sivyo kesho hakuna atakayeazimwa.

Njiani, nikimkuta mwenzangu amesimama, nami nasimama. Kwenye kimfuko changu cha spana hukaa kiungo cha ziada cha mnyororo wa saizi namba 428 pamoja na klipu yake, ambayo hufungwa upande wake usio na mwanya ukielekea mnyororo unakokwenda. Namba hiyo hutumiwa na pikipiki nyingi tunazoendesha, hivyo kiungo hicho huweza kumfaa mwenzangu hata kama pikipiki zetu ni za kampuni tofauti.