Kuhamia Mombasa: kabla ya kuuliza kodi, uliza upepo

Dada, umesema umepata uhamisho wa kazi kutoka Kericho, unakuja na watoto wawili, na unataka kujua joto litawaweza vipi, mvua ni ya lini na mtaa upi utawafaa. Mimi nimezaliwa Kuze, nikalelewa na bibi yangu Kibokoni, mitaa ya Mji wa Kale, na ukitoa miaka miwili ya masomo bara sijakaa pengine. Nitajibu kwa urefu. Kumwambia mtu "joto ni kali, utazoea" ni kumwacha njiani.

Anza na hili: mji wenyewe ni kisiwa. Kaskazini kuna hori la Tudor, unalivuka kwa daraja la Nyali. Kusini ni Kilindini, unavuka kwa feri hadi Likoni. Magharibi ni Makupa, njia ya Changamwe, uwanja wa ndege na Nairobi. Pale daraja jipya lilifunguliwa 2022. Mashariki ni bahari kuu, na upande huo ndio wa kuujua vizuri, kwa sababu upepo wetu unatoka huko mwaka mzima.

Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, ikitokea kaskazini-mashariki. Ni upepo mwepesi usioleta mvua nyingi, na Februari na Machi ndiyo miezi ya jasho: mchana hufika nyuzi 32 au 33, usiku haupoi sana, na chumvi mezani inashikana bonge kwa unyevu. Mwezi wa Aprili kusi inashika zamu kutoka kusini-mashariki na kuja na mvua kubwa ambazo wazee hapa huziita mwaka. Mei ndiyo inayonyesha kuliko miezi yote, na barabara za mabondeni hujaa maji. Kuanzia Juni hadi Agosti ni raha; usiku unaweza hata kutafuta shuka la kujifunika. Wakati huo bahari huchafuka, wavuvi wa ngalawa hukosa siku nyingi, na bei ya samaki hupanda. Vuli huja Oktoba na Novemba, haina makali kama mwaka. Ukiweza kuchagua, hamia Julai, watoto wapate nafasi ya kuzoea kabla ya kaskazi.

Sasa nyumba, na hapa nakuomba unisikilize sana. Nilipoolewa tulipanga fleti mpya mtaa wa Majengo, vigae vinang'aa, rangi bado inanuka. Jiko ndilo lililopewa upande wa mashariki, na dirisha lake lilitazama ukuta wa jirani, ukinyoosha mkono unaugusa. Chumba cha kulala kilielekea magharibi. Tuliingia Januari. Februari, saa nne za usiku, ukiweka kiganja kwenye ukuta ule ulikuwa bado una moto wa jua la alasiri. Mtoto akatoka harara shingoni na mgongoni, akawa halali, nami silali. Feni ilikuwa inazungusha joto lile lile. Tulihama baada ya miezi minne, na mwenye nyumba hakuturudishia amana.

Nyumba ya bibi haikuwa na feni hata moja. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene, na dari imelazwa juu ya boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale ni virefu na vyembamba: upana wa chumba unafuata urefu wa boriti. Mlango unatazamana na ua wa ndani, upepo ukiingia kwa uchochoro unapita chumbani na kutokea uani. Saa saba mchana bibi alikuwa akitandika mkeka nyuma ya mlango, panya wa jua wasimfikie, ndivyo alivyokuwa akiita vile vidoa vya mwanga, na akalala hadi adhana ya alasiri. Sijapata kulala vizuri zaidi ya pale.

Kwa hiyo tafuta dirisha la kulalia linalotazama mashariki, lisilozibwa na ghorofa. Litakupa kaskazi na kusi zote mbili. Kisha uliza maji. Visima vya kisiwani vingi vina chumvi, na maji ya mfereji yanatoka mbali, mengine chemchemi za Mzima kule Tsavo, nayo huja kwa zamu. Mwulize mpangaji, si dalali, ni siku zipi yanakuja na tangi lina ukubwa gani. Ukikosa utanunua mitungi ya mkokoteni, na hesabu ya mwezi itakushtua.

Na usipange ng'ambo ya Likoni ikiwa kazi iko kisiwani kabla hujaivuka feri saa moja asubuhi.

Kuhusu watu, usiogope. Pepo hizo hizo ndizo zilizoleta majahazi ya Arabuni na Bara Hindi kwa kaskazi na kuyarudisha kwa kusi, na Wareno nao wakaja, wakaanza kujenga Fort Jesus 1593. Waingereza waliufanya mji huu makao yao makuu hadi walipohamia Nairobi 1905. Wageni tumewazoea. Tunachoangalia ni salamu. Ukiingia dukani ukasema "nipe sukari" utapewa, lakini utaonekana umekuja na ugomvi. Sema hujambo, uliza watoto, ndipo sukari. Wafundishe watoto shikamoo kwa kila mtu mzima, na hodi mlangoni isubiri karibu. Majina ya leso na lahaja ya Kimvita utajifunza kwa majirani wenyewe. Ukisikia kahawa tungu, ni chungu hiyo hiyo.

Mji hapa unaishi na jua. Mchana Mji wa Kale hutulia, baada ya alasiri watu hutoka, baraza zinajaa, viazi karai vinaingia mafutani. Jumapili jioni wapeleke watoto Mama Ngina, ile bustani ya kando ya bahari, wale muhogo wa kukaanga wenye pilipili na ndimu, wanywe madafu, upepo wa bahari uwapige usoni.

Nyumba yoyote utakayoonyeshwa, usiende kuitazama asubuhi. Nenda saa nane mchana, funga mlango, fungua dirisha, simama katikati ya chumba cha kulala dakika kumi. Na ukinambia kazi iko upande gani wa maji, nitakutajia mitaa.