Jibu: Wino unachafuka kwenye karatasi ya picha

Habari ndugu. Kama nimekuelewa, barua zinatoka safi, ila picha kwenye karatasi ya kung'aa hazikauki. Ukigusa hata baada ya saa nzima wino unatapakaa. Basi printa yako ni nzima.

Kwanza soma pakiti. Kama karatasi ni za printa za leza, ziache. Uso wake haunywi wino wa maji. Mimi niliharibu pakiti nzima hivyo, iliniuma sana. Kama ni za printa ya wino, lowesha kidole kidogo uguse pembeni pande zote mbili: upande unaonata ndio wa kuchapia. Halafu kwenye mipangilio chagua karatasi ya picha, usiache "ya kawaida".

Kwa barua karatasi za gramu 80 (uzito wa mita moja ya mraba ya karatasi) zinatosha. Za picha mimi nachukua gramu 200 au zaidi, baada ya kuangalia kitabu cha printa kinaruhusu unene gani.