Mkasi kwanza, mgongo baadaye

Dada, umeuliza kama binti yako wa miaka 13, aliyevuka mita 1.30 kwenye kuruka juu UMITASHUMTA (michezo ya shule za msingi) kwa mtindo wa mkasi, yaani kupitisha mguu mmoja kisha mwingine juu ya ufito, aanze sasa kuruka kwa mgongo. Kama shuleni kwao bado wanatua kwenye mchanga, hapana! Nimefundisha Kongwa, shimo letu tulilijaza maranda ya seremala, na ufito ukakaa juu ya misumari kwenye miti miwili. Hapo mtoto anatua kwa miguu tu. Shingo haina spea.

Huo mkasi usiudharau. Dick Fosbury mwenyewe, Mmarekani aliyeupa umaarufu mtindo wa mgongo, akiwa sekondari aliurudia mkasi, akawa anaulaza mgongo kidogo kidogo, mpaka akachukua dhahabu Mexico City 1968 kwa mita 2.24. Mchoree chaki pale anapoanzia, ahesabu hatua nane akikata kona, mguu wa kurukia uwe uleule kila siku.

Akifika UMISSETA (michezo ya sekondari) mtafutieni penye godoro nene la kutua, ndipo aanze mgongo. Mahuchikh, binti mrukaji wa Ukraine, alivuka mita 2.04 akiwa na miaka 18, kwa hiyo muda upo. Na ale ugali jamani, msimnyime eti awe mwepesi.